Kutoka Malalamiko Hadi Bajeti ya Kaunti: Mwongozo Kamili kwa Wanawake na Watu wa Jinsia Anuwai Wenye Ulemavu

Wanawake wenye ulemavu huitwa sana kwenye hafla. Huketishwa mbele, hupewa unga na mafuta au kiti cha magurudumu, hupigwa picha na kurudishwa nyumbani. Kisha bajeti ya kaunti hujadiliwa katika ukumbi wenye ngazi, bila mkalimani wa lugha ya ishara, na pale hakuna anayekumbuka kuwaita. Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwenye ukumbi huo wa pili.

Nimeuandika kwa mwanamke mwenye ulemavu anayeishi Kenya, awe Kilifi, Kisumu au Garissa. Nimeuandika pia kwa mwenzetu mwenye ulemavu ambaye ni huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, au aliyebadili jinsia, au ambaye fomu ya "mume" na "mke" haina mahali pake. Sote tunakutana na jambo lile lile: wengine hutusemea. Mume husema, mama mkwe husema, daktari husema, chifu husema, na mara nyingine hata wanaume wanaoongoza vyama vya watu wenye ulemavu husema. Dawa ya hilo ni kushika jambo moja na kulifuata kwa jina la afisa na tarehe hadi liingie katika karatasi ya fedha. Uongozi hukua humo humo njiani.

Mfano nitakaoutumia ni kitanda cha kujifungulia kinachoshuka. Vitanda vya uzazi katika zahanati nyingi ni virefu na havishuki. Mama anayetumia kiti cha magurudumu au magongo hunyanyuliwa mzobemzobe, na wako wanaoulizwa hapo hapo, mbele ya watu, "Nani alikupa mimba wewe?" Badala ya kitanda weka jambo lako: mkalimani hospitalini, choo cha sokoni, taa za njia ya kwenda kisimani. Hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja na ulitaje kwa kipimo

"Tunabaguliwa hospitalini" ni kweli, lakini hakuna afisa anayeweza kuitia katika bajeti. "Kituo chetu cha afya hakina kitanda cha uzazi kinachoshuka hadi kimo cha kiti cha magurudumu" inaingia.

Nenda mahali penyewe na utepe wa fundi cherehani. Pima kimo cha kitanda, upana wa mlango wa wodi, na kimo cha ngazi ya kuingilia. Sehemu ya kukalia ya kiti cha magurudumu huwa na kimo cha sentimita 45 hadi 50 hivi kutoka chini, kwa hiyo kitanda chenye kimo cha mita moja kinajieleza chenyewe. Njia ya mteremko nayo ina hesabu yake: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 30 inataka mteremko wa mita 3.6. Mhandisi wa kaunti akikwambia mita moja na nusu inatosha, mwonyeshe hesabu hiyo.

Halafu wahesabu watu. Sensa ya 2019 iliandika kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, takriban watu 900,000, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Wengi wetu tunaamini idadi hiyo ni ndogo kuliko hali halisi, kwa sababu ziko familia zinazoficha watu. Afisa ataitumia kukwambia "nyinyi ni wachache". Mjibu kwa hesabu ya wadi yenu: wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba na wanajua nani yuko wapi. Ombeni idadi tu, si majina.

Hatua ya 2: Beba vifungu vichache

Huhitaji kuwa wakili. Vifungu vitano hivi vinatosha kuanzia, na ni vyema uvijue kwa namba, kwa sababu namba humfanya afisa aweke kalamu chini na kusikiliza.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pa umma, kupata usafiri na habari, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kinasema pia kwamba angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa au kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kinataja jinsia, ujauzito na ulemavu kwa majina. Kifungu cha 35 ni cha kupata habari, cha 37 ni cha kuandamana kwa amani na kuwasilisha maombi kwa mamlaka, na cha 43 kinataja huduma za afya ikiwemo afya ya uzazi. Juu ya hivyo kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake uliletwa na Seneta Crystal Asige, mwanamke mwenye ulemavu wa kuona.

Ukiambiwa kitanda ni anasa, kumbusha kwamba mnamo Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kuwa mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini na kutukanwa na wauguzi alivunjiwa haki zake, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Hakuwa mtu mwenye ulemavu, lakini heshima iliyolindwa pale ni ile ile unayoidai.

Hatua ya 3: Zoea kujisemea kabla ya kuwasemea wengine

Hapa ndipo wengi hukwama, na si kwa sababu ya woga wa kuzaliwa nao. Msichana aliyekua akiambiwa "kaa ndani, wageni wamekuja" hakupata mahali pa kuizoea sauti yake. Basi anza na madogo. Sema mwenyewe unataka kuketi wapi katika matatu. Sema mwenyewe dawa gani inakusumbua. Shika mwenyewe simu yako ya M-Pesa na namba yake ya siri.

Ukisindikizwa, panga na msindikizaji kabla ya kutoka nyumbani: yeye atasukuma kiti, atasoma maandishi au atabeba mtoto, lakini hatajibu maswali. Mhudumu akimgeukia yeye na kuuliza, "Anaumwa na nini huyu?", una maneno yako tayari: "Sista, niulize mimi. Huyu amenisindikiza tu." Useme kwa upole, na urudie mara ya pili kwa upole ule ule. Msindikizaji naye anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Kimya hicho kina kazi yake, kwa sababu kinamlazimu mhudumu akugeukie wewe.

Kwa mwenzetu kiziwi, mkalimani ni sauti yako, si msemaji wako. Keti mahali unapomwona afisa na mkalimani kwa pamoja, na mwombe afisa akutazame wewe anapozungumza. Epuka kumtumia mtoto wako kuwa mkalimani, hasa mkizungumza na daktari kuhusu mwili wako. Kwa mwenzetu mwenye ulemavu wa akili, jizoezeni naye kwa sentensi fupi na picha, mara nyingi, hadi ombi liwe lake kweli. Ikiwa anasema polepole, kikao kimsubiri.

Kuna neno ambalo afisa hupenda kulisema: "Tutaangalia." Lina jibu lake: "Asante. Nani ataangalia, na nirudi tarehe gani?" Andika jina na tarehe mbele yake.

Hatua ya 4: Tengenezeni kundi ambalo kila mmoja anaweza kuingia

Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi, wakija kumi wakiwa na barua yenye muhuri hupewa viti. Kundi la kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, na linahitaji wanachama wasiopungua kumi. Nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo na katiba ya kundi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kundi, na orodha ya wanachama. Kila mwenye ulemavu ajiandikishe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa katika hospitali iliyoidhinishwa. Kadi anayopewa na Baraza inahitajika katika nafuu ya kodi, zabuni zilizotengewa makundi maalum na hata uteuzi wa kisiasa. Usiiache hadi siku unapoihitaji.

Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha kila baada ya muda mzunguke. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona makundi mengi yanayobebwa na mwanamke mmoja mwenye nauli na simu nzuri. Akihama au akiugua, kundi linakufa. Kila nafasi iwe na msaidizi anayejifunza kazi. Katika katiba yenu andikeni pia kwamba angalau nafasi moja kati ya hizo tatu ishikwe na mwanachama kiziwi, asiyeona au mwenye ulemavu wa akili, la sivyo uongozi utabaki kwa wenye ulemavu wa viungo, kama ilivyo kawaida.

Mawasiliano yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kundi la WhatsApp huanza vizuri, kisha mtu anatuma picha ya tangazo: asiyeona hapati kitu. Mwingine anatuma sauti ya dakika nne: kiziwi hapati kitu. Wekeni kanuni kwamba kila picha iandikwe chini yake imesema nini, kila ujumbe wa sauti ufuatwe na mistari miwili ya maandishi, na kila tangazo kubwa litumwe pia kwa video fupi ya lugha ya ishara. Asiye na simu janja apigiwe simu na mwanachama aliyepewa kazi hiyo kwa jina.

Nauli ndiyo inayovunja vikao vingi. Anayetumia kiti cha magurudumu hulipishwa nafasi mbili katika matatu, au hukodi tuktuk nzima. Usipoihesabu nauli hiyo katika bajeti ya kundi, watakaohudhuria ni wale wale walio karibu na barabara. Ni bora vikao vichache ambavyo wote wanafika.

Halafu kuna siri. Mwanachama huntha au aliyebadili jinsia asilazimishwe kujieleza mbele ya kundi. Orodha ya mahudhurio iwe na jina analotaka kuitwa na sahihi, basi. Jina la kitambulisho likihitajika kwa malipo, lishikwe na mweka hazina peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya na jinsi ya mtu kuwa data nyeti, kwa hiyo hata shirika linalowafadhili halina ruhusa ya kuzisambaza bila idhini yake. Kama kuna anayesema wenzetu hawa hawapo, sensa ya 2019 iliwahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza na kupata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto mahuntha. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua pia kwamba ni ubaguzi kulinyima shirika usajili kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi wa wanachama wake. Hata hivyo Sheria ya Adhabu bado ina vifungu vinavyotumiwa kuwatisha watu, hivyo usalama wa mwenzetu ni muhimu kuliko picha yoyote ya ripoti.

Hatua ya 5: Shika kalenda ya bajeti

Ukisoma hatua moja tu katika mwongozo huu, soma hii. Huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi, kwa hiyo kitanda chako hakiamuliwi Nairobi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na milango hufungwa moja baada ya nyingine.

Kwanza kuna CIDP, mpango wa kaunti wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Jambo lisilokuwemo humo ni gumu kutengewa fedha. Tafuta humo mstari unaoweza kuning'iniza ombi lako, kwa mfano "vifaa vya uzazi kwa vituo vya afya", uandike namba ya ukurasa wake.

Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti. Huu ndio wakati wa kuomba kitu kipya, na ndio wakati ambao wengi hawaujui. Kufikia 28 Februari hupelekwa taarifa ya mkakati wa fedha, inayoamua kila idara itapata kiasi gani. Kufikia 30 Aprili hupelekwa makadirio yenyewe. Wananchi wengi huitwa hapo, wakati fedha zimeshagawanywa, na kinachobaki ni kusukumana juu ya vidogo. Makadirio hupitishwa kabla ya 30 Juni.

Kwa hiyo wiki za Julai na Agosti ni zenu. Mwoneni mwakilishi wadi, msimamizi wa wadi na afisa wa afya wa kaunti ndogo, kila mmoja kwa siku yake, na mwacheni kila mmoja na nakala ya ombi.

Kuna meza nyingine ambayo haisemwi sana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, sehemu ya 137, inaitaka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi ambamo gavana hukaa na wawakilishi waliopendekezwa na mashirika, yakiwemo ya wanawake na ya watu wenye ulemavu. Ulizeni kwa maandishi: nani anatuwakilisha humo, na alipendekezwa na nani? Majibu mara nyingi hufungua mlango.

Hatua ya 6: Andika memoranda ya ukurasa mmoja

Memoranda ni ombi lenu la maandishi. Iwe fupi. Nyinyi ni nani, mnaomba nini, wapi, kinagharimu kiasi gani, kwa nini, na kifungu gani kinawaunga mkono. Kwa mfano:

"Sisi ni kundi la wanawake wenye ulemavu wa wadi hii. Tunaomba Idara ya Afya itenge fedha katika mpango wa maendeleo wa mwaka ujao za kununua vitanda viwili vya kujifungulia vinavyoshuka hadi sentimita 50, na kujenga njia ya mteremko ya mita 3.6 katika wodi ya uzazi ya kituo chetu cha afya. Ombi hili linatokana na CIDP, na vifungu vya 43 na 54 vya Katiba."

Bei zitoeni kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali, mbili au tatu, mziambatishe. Peleka nakala kwa karani wa bunge la kaunti na kwa idara, na yako ipigwe muhuri wa kupokewa. Bila muhuri, barua yako haikufika.

Wakati huo huo nendeni kwa kamati ya usimamizi wa kituo. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, vituo vya umma vinaruhusiwa kubaki na mapato yake na kuyatumia. Mteremko wa saruji unaweza kutoka hapo bila kusubiri mwaka mzima.

Hatua ya 7: Siku ya kikao cha umma

Wiki moja kabla, andikeni kudai mkalimani na ukumbi usio na ngazi. Wakikataa, mnayo barua ya kuonyesha. Fikeni mapema, muandikishe wazungumzaji, na msikae pamoja kwenye kona moja. Mzungumzaji wa kwanza ataje ombi, wa pili ataje gharama, wa tatu asimulie yaliyompata, akiwa amekubali mwenyewe kuyasimulia. Msimruhusu mtu yeyote, hata mfadhili, awachagulie hadithi ya kuliza watu. Dakika mbili zinatosha. Malizeni kwa kuomba jina la afisa na tarehe ya jibu, na katibu aandike.

Mkiitwa "mashujaa wetu" na kupigiwa makofi, shukuruni, kisha mrudi kwenye ombi.

Hatua ya 8: Wakinyamaza

Tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ulizeni kwa maandishi: je, ombi letu limo katika mpango, na kama halimo, kwa nini? Afisa ana siku 21 za kujibu. Akipuuza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo haitozi ada. Ombi rasmi kwa bunge la kaunti pia ni haki ya kila mkazi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Mahakama iwe ya mwisho, na muende na wakili wa mashirika ya msaada wa kisheria.

Kuhusu usalama wako

Mwanamke anayeanza kusema huweza kupigwa nyumbani, kunyang'anywa simu, au kunyimwa kiti chake cha magurudumu kama adhabu. Kuficha kiti, fimbo nyeupe au dawa za mtu ni ukatili, na useme hivyo. Mwachie mwanachama mmoja unayemwamini nakala za kitambulisho na kadi yako. Namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, nguo zake ziwekwe katika karatasi na si plastiki, kisha fomu ya polisi ya P3, inayojazwa na daktari, ijazwe. Mahakamani, kifungu cha 50 cha Katiba kinaruhusu msaidizi wa mawasiliano kwa mlalamishi au mshtakiwa anayemhitaji. Dai hilo tangu kituo cha polisi, kwa sababu kesi nyingi za wenzetu viziwi na wenye ulemavu wa akili hufia kwenye taarifa ya kwanza.

Hatua ya 9: Ukitaka kiti chenyewe

Anza na kamati ya shule, ya maji, au ya kituo cha afya. Ukishaujua mwenendo wa vikao, tazama bunge la kaunti. Kifungu cha 177 cha Katiba kinatenga viti vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu, na Sheria ya Uchaguzi inataka angalau wawili kati ya wanane katika orodha hiyo ya chama wawe watu wenye ulemavu. Seneti ina viti viwili vya watu wenye ulemavu, cha mwanamke na cha mwanamume.

Orodha za vyama hufika katika tume ya uchaguzi angalau siku 45 kabla ya kura. Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027, kwa hiyo uwe mwanachama wa chama mapema, uhakikishe jina lako limo katika sajili yake, na uonekane katika vikao vya tawi. Kundi lenu liandikie vyama vyote likipendekeza majina, ili nafasi hiyo isiende kwa jamaa ya kiongozi aliyepata kadi juzi. Na baada ya kura, iwe umepata kiti au hukupata, kaunti itaanza kuandika CIDP ya 2028 hadi 2032. Memoranda yenu iwe imeshapigwa muhuri kabla kikao cha kwanza hakijatangazwa.